WinSxS ina GB 14, Installer GB 9: nifute au niache?

Swali: Shikamoo fundi. Nina steshenari hapa Ngamiani, Tanga. Kompyuta ya dukani ni desktopu ya mtumba, RAM GB 8, SSD ya GB 128, ina Windows 10. Drive C imekuwa nyekundu, imebaki GB 1 na ushee, hata kuskani inagoma. Nimeingia kwenye folda ya Windows nikakuta WinSxS ina GB 14 na Installer ina GB 9. Kwenye C yenyewe kuna faili linaitwa hiberfil.sys, GB 3 na kitu. Kijana mmoja anayejua kompyuta ameniambia nifute vyote vitatu, eti ni uchafu tu. Naogopa, kwa sababu programu ya hesabu za duka niliwekewa na mtu aliyekwishahama mji na CD yake sina. Sitaki kufika mahali pa kupiga windows upya. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vizuri kuuliza kwanza. WinSxS usiifute. Installer usiifute. Hiberfil.sys inaweza kuondoka na wala hutaikumbuka, ila haiondolewi kwa kuibofya na kubonyeza Delete. Kuna amri yake, nitakupa. Na nikuambie mapema: sehemu kubwa ya nafasi unayoitafuta sidhani kama iko kwenye folda ya Windows. Tutafika huko.

Kabla ya yote, chukua flashi, nakili data ya hiyo programu ya hesabu. Programu nyingi za namna hiyo zina kitufe chao cha bakapu ndani, kitumie. Kama hakipo, funga programu, tafuta folda yake (mara nyingi iko moja kwa moja kwenye C, au ndani ya ProgramData), inakili nzima. Fanya hivyo leo hata kama hutagusa kitu kingine, maana diski iliyojaa namna hiyo inaweza kuharibu faili la hesabu katikati ya kuhifadhi.

Sasa WinSxS. Hii ndiyo folda inayowaponza watu wengi, kwa sababu ni nono na jina lake halisomeki. Humo Windows inaweka vipande vyote inavyojengwa navyo, pamoja na matoleo ya nyuma ya vipande hivyo kila apdeti inapoingia. Lakini zile GB 14 ulizoziona si za kweli. Mafaili mengi yaliyomo WinSxS ni yale yale yaliyomo System32, folda ya mafaili makuu ya Windows: data ni moja kwenye diski, imepewa majina mawili katika folda mbili. Ni kama nyumba ya Ngamiani yenye mlango wa mbele na mlango wa uani. Anayehesabu milango atasema nyumba mbili, na ukiziba mmoja hujapata kiwanja. Ukifuta jina lililoko WinSxS, data inabaki palepale kwa sababu jina la System32 bado lipo. Kwa hiyo unaweza kufuta GB nyingi kwa macho ukapata kidogo mno mkononi.

Na hasara yake ni kubwa. Kuna programu, hasa za zamani, ambazo hazichukui vifaa vyao System32. Zinavichukua moja kwa moja WinSxS. Programu zilizotengenezwa kwa Visual C++ (zana ya Microsoft ya kuundia programu) ya 2005 au 2008 ndivyo zilivyo. Hiyo yako ya hesabu, kwa jinsi ulivyoieleza, sitashangaa ikiwa ni ya ukoo huo. Ukifuta WinSxS, kesho yake ukiibofya itakuletea ujumbe wa kutatanisha kwamba haiwezi kuanza, na CD huna. Hapo hatujazungumzia apdeti zitakazogoma, wala siku kompyuta itakapokataa kuwaka.

Utagundua pia kwamba ukijaribu kuifuta, Windows inakukatalia na kukutajia jina TrustedInstaller. Huyo ndiye mmiliki wa mafaili hayo. Vijana wana mbinu ya kujimilikisha folda kisha wafute. Akianza kukufanyia hivyo, mwombe asimame.

Kuna njia halali ya kuipunguza. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, bofya kulia, ifungue kama administreta. Andika:

dism /online /cleanup-image /analyzecomponentstore

Subiri kidogo. Itakuletea ukubwa wa folda kama unavyoonekana kwa macho, kisha chini yake ukubwa halisi, kisha kiasi kinachochangiwa na Windows yenyewe. Mstari wa kukuhusu ni ule wa mwisho unaosema kama usafi unashauriwa, Yes au No. Ikiwa No, achana na WinSxS kabisa, hakuna kitu humo. Ikiwa Yes, andika:

dism /online /cleanup-image /startcomponentcleanup

Hii inaondoa matoleo ya zamani ambayo yamekwisha kubadilishwa. Asilimia zinaweza kuganda mahali pamoja muda mrefu ukadhani imekufa, haijafa. Usiizime. Ifanye saa ambayo umeme wa mtaa wenu huwa umetulia, au kompyuta ikiwa kwenye UPS, maana kukatikiwa katikati ya kazi hii si jambo la kuomba.

Mtandaoni utaona watu wanaongeza neno resetbase mwisho wa amri hiyo ili wapate nafasi zaidi. Mimi siipendi kwa kompyuta ya kuprinti. Ukishaitumia, apdeti zilizopo huwezi tena kuzing'oa. Machi 2021 ilitoka apdeti ya Windows 10 iliyosababisha kompyuta kuangukia skrini ya bluu kila zikiprinti kwenye baadhi ya printa, na wengi walijiokoa kwa kuing'oa apdeti hiyo hadi Microsoft walipotoa marekebisho. Mwenye steshenari anapaswa kubaki na mlango huo wazi. Najua Windows 10 ya kawaida ilifika mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kama hujajisajili kupata nyongeza ya ulinzi, apdeti mpya zimepungua sana na WinSxS haitanenepa kama zamani. Sababu nyingine ya kuiacha itulie.

Installer ni kesi tofauti. Zile GB 9 ni za kweli, hakuna mlango wa pili. Ndani yake utaona mafaili yenye majina ya herufi na tarakimu zisizo na maana, yanayoishia na msi na msp. Hizo ni nakala za vifurushi vilivyotumika kuweka programu zako na viraka vyake, yaani marekebisho yake. Ukitaka kuirekebisha programu, kuipa apdeti au kuiondoa, Windows inarudi humo kuchukua kifurushi. Ukikifuta, programu inaendelea kufanya kazi kama kawaida, ndiyo maana aliyekushauri ataonekana mkweli kwa miezi kadhaa. Siku Office inapohitaji kiraka, au unapotaka kuondoa programu ya printa ili uweke mpya, inakuuliza faili la msi liko wapi, nawe hulijui. Hapo haiondoki na haiwekeki tena. Nimeona kompyuta nyingi za maofisini zimekwama namna hii, na dawa ya wengi ni ileile unayoikimbia, kupiga windows upya.

Cha kufanya ni kujua nani ameijaza. Kwa steshenari naweza kukisia bila kuiona: Acrobat Reader iliyokaa miaka, na Office ya zamani. Zote mbili huleta viraka vya msp ambavyo vinarundikana. Kama Acrobat unaitumia kufungua PDF na kuprinti tu, iondoe kwa njia yake, kupitia mipangilio, sehemu ya programu, na kwa kawaida itaondoka na vifurushi vyake. Kisha weka kisoma PDF chepesi. Office iache.

Sasa hiberfil.sys. Faili hili ni mahali Windows inapoandika yaliyomo kwenye RAM kompyuta inapolala usingizi mzito. Kwa kawaida huchukua kama asilimia 40 ya RAM, ndiyo maana kwako, mwenye GB 8, umeona GB 3 na kitu. Desktopu ya dukani hailazwi usingizi huo; unaizima jioni unafunga. Kwenye dirisha lile lile la cmd andika:

powercfg /h off

Faili linatoweka papo hapo. Unachopoteza ni kuwaka kwa haraka asubuhi, na kwa kuwa una SSD, tofauti utaiona ndogo. Tena kuna faida ya pembeni: ukiwa na ule uwakaji wa haraka, kuzima kompyuta si kuzima kamili, sehemu ya Windows inahifadhiwa ndani ya faili hilo na kurudishwa kesho yake pamoja na mikwamo yake. Wenye printa zinazosumbua asubuhi wakapona wakiristati, mara nyingi chanzo ni hicho. Ukitaka kuirudisha ni amri hiyo hiyo, on badala ya off.

Jirani yake ni pagefile.sys, sehemu ya diski ambayo Windows huitumia kama RAM ya akiba. Kwa RAM ya GB 8, huku umefungua Word, kivinjari chenye kurasa kumi na skana, faili hilo linafanya kazi. Liache.

Baada ya hapo andika cleanmgr kwenye sehemu ya kutafutia, chagua C, halafu ubofye kitufe chenye alama ya ngao upande wa chini kushoto. Wengi hawakioni hicho kitufe, na bila hicho kinachosafishwa ni vitu vya juujuu. Ukikibofya itahesabu upya na kukuletea mabaki ya apdeti, na kama kompyuta ilipandishwa kutoka Windows ya zamani karibuni, folda ya Windows.old pia. Hiyo kwa kawaida hujifuta yenyewe baada ya siku 10, kwa hiyo usitegemee sana kuikuta.

Ila soma kila unapoweka tiki. Kuna toleo la Windows 10, lile la 1809, lililoingiza Downloads kwenye orodha hiyo ya vitu vya kufutwa. Matoleo ya baadaye yaliitoa hapo, lakini kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi, chini ya mafaili ya muda, Downloads bado imo. Steshenari nzima inaishi Downloads. Tiki moja ya haraka na kazi ya mteja anayerudi saa kumi haipo.

Mafaili ya muda nayo. Yanatakiwa yawe waja leo waondoka leo, kama wanavyosema watu wa kwenu, lakini mengi huhamia moja kwa moja. Andika %temp% kwenye sehemu ya kutafutia, chagua yote, futa. Yatakayokataa yanatumika, yaruke. Kisha fanya hivyo hivyo ndani ya C:\Windows\Temp. Ukiwa kwenye folda ya Windows, angalia kama kuna faili linaitwa MEMORY.DMP. Hilo ni kumbukumbu ya siku kompyuta ilipoanguka skrini ya bluu, linaweza kuwa kubwa sana, na kama hakuna fundi anayelichunguza lifute. Folda ya Prefetch, inayosaidia programu kufunguka haraka, usiihangaikie, ni ndogo, na ukiifuta Windows inaijenga tena.

Ndani ya System32 kuna sehemu moja tu ninayomruhusu mwenye steshenari kuingiza mkono, na ni kwa sababu ya kazi yenu. Kila unachoprinti kinapangwa foleni kwanza kwenye folda ya spool\PRINTERS. Kazi ikikwama, mafaili yake yanabaki hapo, na mabango ya rangi yaliyokwama yanaweza kula nafasi ambayo hutaielewa. Hakikisha hakuna kitu kinachoprintiwa, kisha kwenye cmd:

net stop spooler

del /q "%systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*"

net start spooler

Angalia usikosee njia. Folda ya drivers iko jirani kabisa, na hiyo ndiyo yenye programu za printa zako zote.

Ukifuata haya yote, makisio yangu ni kwamba utapata GB kadhaa, labda kumi. Si haba, lakini diski yako ina GB 119 kwa hesabu ya Windows (hakuna aliyekuibia, mtengenezaji anahesabu GB kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024). Windows na programu zako haziwezi kula zote hizo. Zimeliwa na kazi. Bofya mipangilio, ingia sehemu ya mfumo, kisha hifadhi, uone Windows inavyogawanya. Au weka WinDirStat, ni ya bure, inakuchorea diski nzima kwa rangi. Ukiitumia, kumbuka tu kwamba namba inayokutajia kwa WinSxS inaweza kuwa na kasoro ile ile ya milango miwili.

Nitakutajia mahali pawili ambapo ningeanzia kama ningekuwa nimekaa kwenye kiti chako.

La kwanza ni skana. Ifungue uone imewekwa dpi (nukta kwa inchi) ngapi na inahifadhi kwa aina gani ya faili. Karatasi moja ya A4 yenye rangi ikiskaniwa kwa dpi 600 na kuhifadhiwa kama BMP, yaani bila kubanwa, ni kama MB 104. Kwa dpi 300 inashuka hadi MB 26. Ikibanwa kuwa JPEG au PDF inashuka mbali zaidi, na kwa cheti au barua dpi 300 inatosha kabisa. Nyingi ya tovuti za kuombea kazi na mikopo zinakataa faili kubwa hata hivyo. Nimekuta duka ambalo skana ilikuwa ikihifadhi kila karatasi mara mbili: PDF kule alikochagua mhudumu, na BMP kwenye folda ya picha ambayo hakuna aliyewahi kuifungua. Tazama folda ya Pictures na ya Documents, panga kwa ukubwa.

La pili ni Downloads. Mteja anatuma kazi kwa WhatsApp, unaifungua kwenye kompyuta, inashuka Downloads. Anasema amekosea, anatuma tena, inashuka yenye (1). Kesho anarudi anataka nakala nyingine, unaishusha tena, (2). Zidisha kwa wateja wa msimu wa fomu za shule. Hapa ndipo utakapopata nafasi yako.

Na hapa naomba nikuvute sikio kidogo, kwa nia njema. Ndani ya folda hizo kuna vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, matokeo, barua za mahari, mikataba ya viwanja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za mtu hazitakiwi kukaa kwako baada ya kazi aliyokupa kuisha. Kwa hiyo kufuta hapo unajitendea haki wewe na mteja pia. Fungua folda moja, iite KAZI ZA LEO, kila kitu kiingie humo, na kila Jumamosi kabla ya kufunga futa ya wiki iliyotangulia. Mteja anayetaka umtunzie aseme, na yake iende kwenye eksteno, ile diski ya nje, isikae C. Usisahau kumwaga pipa la taka, maana hadi ulimwage nafasi hairudi.

Programu za kusafisha kompyuta zinazojitangaza mtandaoni kwa kupiga kelele kwamba una makosa 1,500, usiziweke. Nyingi zinagusa rejista ya Windows, yaani daftari la mipangilio yake, ambayo haina nafasi ya maana ya kukupa, na zinaweza kukuachia matatizo ambayo fundi atayatafuta siku nzima.

Ukimaliza, rudisha ufiche wa mafaili ya mfumo. Najua uliuondoa, vinginevyo Installer na hiberfil.sys usingeziona. Dukani anakaa mdogo wako, anakaa msaidizi, na mwingine atakuja kuona uchafu akafuta.

Lengo ni C ibaki na GB 20 wazi hivi. Ikigoma kufika hapo hata baada ya kusafisha Downloads na skana, basi diski ni ndogo kwa kazi yako, na jibu ni kununua SSD ya GB 256 au 512. Na kwa hili usiogope habari ya CD. Mwambie fundi hutaki kupigiwa windows; unataka diski ya zamani inakiliwe yote kama ilivyo kwenda mpya. Programu ya hesabu itahamia na data yake. Chache zimefungwa kwa namba ya diski na hudai kusajiliwa upya, kwa hiyo baada ya kuhamisha ifungue mbele ya fundi, ingiza mauzo ya majaribio, printi risiti moja. Diski ya zamani asiifute wala asiichukue. Ondoka nayo, ikae kwenye droo wiki mbili tatu hadi uhakikishe kila kitu kinakwenda.